Puti ya kununua kabla ya kufufua ndege iliyolala sandukuni

Modeli yangu ya plastiki ya ndege ya kivita Phantom, ya kipimo cha 1/48, ilikaa sandukuni miaka minne. Niliiacha mwili umeshaungwa, vipande vya resini (plastiki ngumu ya kumiminwa) vya kubadilishia umbo vimebandikwa, na mishono imepigwa msasa hadi kidole hakihisi kitu. Nilikuwa naigeuza F-4J ya Marekani iwe F-4K ya Jeshi la Majini la Uingereza, na hiyo si kazi ya kubadilisha rangi na alama tu. Injini za Rolls-Royce Spey zilitaka hewa nyingi kuliko J79 za Wamarekani, kwa hiyo midomo ya kuvutia hewa ilipanuliwa na mwili wa nyuma ukabadilishwa umbo. Kwenye modeli maana yake ni resini kukutana na plastiki ubavu mzima, na kila zinapokutana panataka puti ya kujazia pengo.

Nilipoifungua, mishono yote ilikuwa imerudi. Haikuwa nyufa. Lilikuwa bonde jembamba, unaloliona ukimulika taa kutoka pembeni, limetambaa kutoka mdomo wa hewa hadi nyuma ya bawa. Puti ilikuwa imenywea.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia harufu, rangi, wala wepesi wa kupiga msasa. Hayo kila mtu anayasema. Nauliza jambo moja: baada ya miezi sita, itakuwa palepale nilipoiacha?

Ya kwanza ni Milliput, hasa Superfine White, na naipendelea waziwazi. Ni vijiti viwili. Unakata vipande sawa, unakanda hadi rangi iwe moja, unajaza, kisha unalainisha kwa kidole chenye maji. Inakuwa ngumu kwa kemikali za vijiti hivyo kushikana, si kwa kukauka. Hakuna kiyeyushi (kimiminika cha kulainishia kinachoruka hewani) kinachotoroka, basi hakuna kinachopungua, na siri yote iko hapo. Saa tatu au nne zinatosha, ila mimi huiacha ilale usiku kucha. Udhaifu wake ni ukingo: ikipakwa nyembamba sana hubanduka, kwa hiyo kwaruza plastiki kwanza, na usiitumie kwa mikwaruzo midogo.

Ya pili ni supa gluu nzito. Inashika resini vizuri kuliko puti yoyote na hainywei kwa namna ya kukusumbua. Lakini ipige msasa mapema, ndani ya saa moja hivi. Ukiiacha hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki iliyoizunguka, msasa unakula plastiki na kuiacha gundi imesimama kama tuta. Hapo utaharibu umbo ulilohangaika kulipata. Na vumbi la resini ni baya kwa mapafu: vaa barakoa, piga msasa kwa maji.

Mr. Surfacer 500, kijazio cha majimaji mazito, naiweka ya tatu, kwa mikwaruzo na vitundu tu. Nayo hunywea, ila ukiipaka kwa brashi tabaka nyembamba mara kadhaa, na kusubiri kila mara, haidhuru. Vallejo Plastic Putty inafaa pale msasa usipofika, kama kwenye shina la bawa: unafuta ziada kwa pamba yenye maji kabla haijakauka. Pengo pana usiijazie.

Mwisho kabisa ni puti za tyubu zenye kiyeyushi. Ndizo zilizoniangusha. Kiyeyushi huendelea kutoka polepole muda mrefu baada ya juu kuonekana pakavu, na ukiijaza nene hulainisha hata plastiki iliyo chini. Puti za magari zilizo za bei rahisi, sina la kuzisemea.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Tyubu niliyouziwa mara ya mwisho ilikuwa imekauka nusu, haina tarehe popote, na nilipolalamika nikajibiwa kwamba ikishafunguliwa hairudi. Sasa nitaijuaje bila kuifungua? Hata Milliput huzeeka: vijiti hufanya gamba gumu la nje, na gamba hilo likichanganyika unapata chembe ndani ya puti. Omba picha ya vijiti vyenyewe, si ya boksi, na muuzaji akikataa tafuta mwingine.

Ubavu wa kulia nimeshauchokonoa puti yote ya zamani na kuujaza upya. Nimeuacha wiki mbili bila kuugusa, namulika taa kila jioni, na bado uko bapa. Kesho naanza wa kushoto.