Kusafirisha saruji na marumaru kutoka Tanga hadi Wete: uzoefu wangu

Nina duka la vifaa vya ujenzi Wete, na kwa miaka mingi mzigo wangu mkubwa nautoa Tanga. Mwezi huu nimepokea shehena ya tatu kwa chombo kimoja cha mbao chenye injini. Nimeona niandike kwa sababu wafanyabiashara wenzangu wa Pemba bado tunachagua chombo kwa kuuliza nauli ya mfuko wa saruji, basi. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipotiwa hasara.

Hasara yenyewe ilikuja kwa chombo kingine nilichokitumia kabla ya hiki, cha nauli ya chini. Kilivuka salama, kikatia nanga nje ya bandari mnamo saa nne usiku, maji yamekupwa, kingojee kupambazuke. Kina kilikuwa kama mita 3. Wakateremsha amari, yaani kamba ya nanga, ya mita 15 hivi, wakalala. Zilikuwa siku za bamvua, na huku kwetu bamvua hupandisha maji karibu mita 4 baina ya kupwa na kujaa. Kufika alfajiri kina kilikuwa mita 7, na kamba ni ileile.

Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Inashika kwa kuwa kamba inaivuta kwa ulalo, kucha zikajichimbia kwenye matope au mchanga. Kamba ikiwa fupi huivuta kwenda juu, nayo hung'oka. Basi iling'oka, ikakokota, chombo kikaenda kukaa juu ya fungu la mchanga, na maji yalipokupwa tena kikalala ubavu. Hapo ndipo nilipojua kwamba shehena ilikuwa imepangwa tu, haikufungwa. Mifuko iliporomoka upande mmoja, nondo zikateleza juu yake zikaichana, maji ya ngama, yaani ya tumboni mwa chombo, yakaifikia. Mifuko 60 iligeuka mawe. Nilipewa pole, fedha sikupewa.

Hiki cha sasa nilielekezwa na jamaa anayeleta mbao. Nilipompigia nahodha, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, hakunitajia bei. Aliniuliza mzigo ni nini, vipande vingapi, kipi kizito, kipi kinavunjika. Nikamtajia: saruji mifuko 240, nondo tani 3, marumaru boksi 120, matangi manne ya maji ya plastiki. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo saruji peke yake ni tani 12. Akanyamaza akipiga hesabu, kisha akasema, "Mwanangu, nakuchukulia mifuko 200. Arubaini itasubiri safari nyingine, nina mizigo ya watu wengine."

Siku ile nilikereka, nakiri. Leo naliona hilo kuwa jambo la kwanza la kumsifia. Sisi wa Pemba tuliozika ndugu baada ya MV Spice Islander kuzama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake, hatuna sababu ya kumlaumu nahodha anayesema chombo kimetosha.

Safari ya kwanza nilikwenda Tanga mwenyewe nikasimama gatini kuwatazama wanavyopakia. Nondo ziliteremshwa kwanza, zikalazwa kwa urefu juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, nusu kulia nusu kushoto, zikawa kama farumi, uzito wa kukituliza chombo. Juu yake walitandika mbao nene ili saruji isiguse chini, maana chombo cha mbao hakikosi maji ya ngama hata kikiwa kipya. Mifuko ilipangwa kwa kupishana kama matofali ya ukuta, safu ya juu ikiikalia ya chini kwenye maungio. Mianya ya pembeni wakaijaza magunia ya makumbi na matairi makuukuu. Serahangi, mkuu wa mabaharia, aliniambia mzigo hauanguki kwa wimbi kubwa. Unaanguka kwa mwanya. Ukipata nafasi ya kusogea shibiri moja, utasogea, na kila ukisogea nafasi inaongezeka.

Marumaru walizisimamisha kwa ubavu badala ya kuzilaza, kwa sababu zikilazwa zile za chini hubeba uzito wote na hupasuka katikati. Zikaegemezwa kwenye ubao, zikabanwa pande zote.

Kilichonifurahisha zaidi ni kamba. Vyombo vingi hufungia nailoni, ambayo hunyumbuka, na ikilowa hulegea zaidi. Hawa wana belti za kukazia zenye mkono wa chuma, kama za malori. Kila ilipopita belti kwenye ncha za nondo waliweka kipande cha tairi ili isikatwe. Matangi, kwa kuwa ni mepesi lakini yanashika upepo kama tanga, yalifungwa juu ya sitaha kwa kamba nne kila moja, mbili za kuvuta omo, yaani mbele, na mbili za kuvuta tezi, yaani nyuma. Kwa kazi hiyo walinitoza nyongeza ya shilingi 60,000 juu ya nauli. Mifuko 60 niliyoipoteza ilinigharimu mara nyingi zaidi ya hizo.

Nikavuka nao. Ilikuwa kaskazi, na mkondo wa Pemba haufanyi mzaha wakati huo: maji yanakwenda kaskazini, upepo unayakabili, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama. Baada ya kama saa moja baharini mabaharia wawili waliteremka kukaza belti upya. Nilidhani kuna jambo limeharibika. Kumbe ndiyo desturi yao, kwa kuwa mzigo ukishatikiswa hukaa, na ukikaa belti hulegea.

Tulifika upande wa kisiwa cha Fundo giza limeshaingia. Nahodha hakutaka kupita penye miamba usiku. Akamtuma baharia apime kina kwa kamba yenye risasi, yaani kipande cha madini ya risasi kilichopakwa shahamu chini, ikatoka mita 5 na maji yamekupwa. Nikamsikia akisema, "Hesabu tisa." Yaani aliipimia amari kwa maji yatakayokuwapo yakijaa. Akateremsha mita 45, mara tano ya hizo tisa. Mchanga ulioganda kwenye shahamu ya risasi ulimwonyesha kwamba chini si matumbawe. Kisha akarudi nyuma polepole kwa injini mpaka kamba ikakaza, akatazama taa mbili za pwani kwa muda kuhakikisha hazipishani, yaani chombo hakisogei, na akaweka mtu wa zamu. Nililala usingizi ambao sijawahi kuulala na mzigo wangu uko baharini.

Asubuhi tulipakua. Saruji yote kavu. Marumaru tatu zimevunjika katika boksi 120, nazo ziliharibiwa na makuli gatini Wete, niliwaona kwa macho yangu.

Kasoro zipo. Safari ya pili walichelewa siku mbili wakingoja upepo upungue, na simu ya nahodha haikupatikana. Kungoja sikukatai; kutoniambia ndiko kulikoniudhi, nimeweka mafundi watano wanaolipwa kwa siku. Orodha ya mzigo huiandika kwa mkono na nakala yangu niliipata baada ya kudai mara tatu. Bima hawana, kwa hiyo ukipata hasara mtasemezana wenyewe. Siku hizi napiga picha kila safu kabla ya ngama kufunikwa turubai, na nahodha anatia saini kwenye daftari langu. Wala hakuona vibaya.

Ningetoa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakianza kupokea simu.

Mzigo wangu unaofuata ni vioo vya madirisha ya msikiti wa kijijini kwetu, makreti sita. Nahodha ameshaniahidi nafasi ya katikati ya chombo, ambako mrama haufiki sana, na amesema ataungojea wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana.