Kozi mbili za CPR kabla ya kuanza udaktari: moja sikugusa hata mdoli wa mazoezi, nyingine ilinitoa jasho

Nimemaliza kozi ya pili ya CPR (kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo umesimama) wiki mbili zilizopita nikaona niandike, maana wakati natafuta sikupata mtu wa kuniambia la maana, kila niliyemuuliza anasema chukua yoyote tu, cheti ni cheti, na hapo ndo nilipoliwa hela.

Ya kwanza ilikua ya onlaini tupu. Unaangalia video, unajibu maswali, ukikosa unarudia mpaka upate, af unashusha cheti chako hapo hapo. Saa moja na nusu nimeshamaliza. Kusema kweli video zenyewe si mbaya, zipo sehemu walieleza vizuri sana. Mfano kifafa: usimtie mtu kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, sogeza vitu vya kumuumiza, muwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, ikipita dakika 5 bado anatetemeka piga simu ya dharura, akitulia mlaze ubavu. Na aliyeungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, hakuna dawa ya meno wala mafuta. Vitu kama hivi mtu unaweza kujifunza kwa macho na vikakukaa. Lakini kubonyeza kifua cha mtu hujifunzi kwa macho hata uangalie video mia.

Af cheti chenyewe chuo kilikikataa. Ukurasa wa ile kozi ulikua umeandika kinakubalika kila mahali, nikaamini. Chuo kikanijibu wanataka BLS, yaani kozi ya CPR ya wahudumu wa afya, tena yenye mtihani wa vitendo mbele ya mkufunzi. Kwa hiyo kabla hujalipa popote soma barua yako ya kujiunga neno kwa neno, na kama haijataja jina la cheti waandikie uwaulize, maana kuna vyuo vinataka uje nacho na kuna vingine vinawafundisha wenyewe wiki ya kwanza, unakuta umelipia kitu ambacho ungekipata hukohuko.

Tofauti ya majina haya ilinichukua muda kuielewa. Kuna kozi za watu wa kawaida, za walimu, madereva, wazazi, na kuna BLS ambayo ni ya wahudumu wa afya. American Heart Association kwa mfano ya watu wa kawaida wanaiita Heartsaver, na hiyo BLS ni kitu kingine kabisa, japo vyeti vyote viwili vinaisha baada ya miaka 2. Kwenye BLS unapapasa mshipa wa shingo huku unaangalia kama anapumua, yote hayo usizidishe sekunde 10, unafanya CPR ya watu wawili, unatumia ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, na unajifunza kwamba mtoto mkiwa wawili mnabonyeza mara 15 kwa pumzi 2 badala ya 30 kwa 2. Ila BLS haikufundishi kufunga jeraha wala kuhudumia aliyeungua, hilo wengi hatulijui, tunadhani ukiwa na BLS umemaliza huduma ya kwanza yote. Hapana. Ukitaka na hayo mengine unachukua kozi yake, au unatafuta mahali wanapofundisha zote mbili siku moja kama nilivofanya mimi.

Sasa hii ya pili. Tulikua watu sita, midoli mitatu, na mkufunzi alikua amefanya kazi kwenye gari la wagonjwa miaka mingi. Midoli ina taa begani zinazokuambia unabonyeza vipi, na hapo ndo niligundua sijui kitu. Nilikua najiona niko sawa kabisa, taa inaniambia naenda mbio, kasi inatakiwa 100 hadi 120 kwa dakika na mimi nimeshaipita. Nikapunguza, ikaniambia sasa siendi chini vya kutosha, mtu mzima ni sentimita 5 usipite 6, na hizo sentimita 5 kwenye mdoli mgumu ni nyingi kuliko unavofikiria, mabega yanawaka moto. Nikaongeza nguvu, mkufunzi akaja akanishika mkono akasema unamlalia. Yaani nikishabonyeza siachii kifua kirudi juu chote, nabaki nimeegemea. Akatueleza kwamba moyo unajaa damu wakati kifua kinapanda, ukimlalia unabonyeza moyo usiokua na kitu. Sentensi hiyo moja imenikaa kuliko zile video zote.

Tena alitufanyisha dakika 2 kamili bila kupumzika ndo tubadilishane, na kubadilishana kwenyewe kuwe haraka, mikono isitoke kifuani zaidi ya sekunde 10. Dakika ya kwanza taa yangu kijani tupu. Ya pili ikaanza kukatika na mimi sijisikii kuchoka kabisa, najiona niko vilevile. Ndo maana mnapokezana hata kama unasema unaweza kuendelea. Kuna kitu kingine alikirudia mara nyingi, kwamba mtu moyo ukisimama anaweza kuonekana kama anavuta pumzi, anakoroma au anatwetatweta kwa mbali mbali, watu wanaona ah anapumua wanasubiri. Hiyo si kupumua, anza kubonyeza. Kila dakika inayopita bila CPR wala kushtua moyo uwezekano wa kupona unashuka kama asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo kusubiri dakika 5 uone itakuaje ni kumpoteza mtu.

Mashine ya kushtua moyo nilikua naiogopa na ndo ilikua rahisi kuliko vyote, unaiwasha inaongea yenyewe, unabandika pedi inapokuonyesha, unahakikisha hakuna anayemgusa mgonjwa. Pumzi ndo ngumu. Kichwa usipokiinamisha nyuma vizuri hewa haiingii kabisa, kifua cha mdoli hakipandi, na mimi mpaka mara ya nne ndo kikapanda.

Wakati tunafuta nyuso za midoli akatusimulia kwamba mdoli wa kwanza wa aina hii aliutengeneza Asmund Laerdal wa Norway mwaka 1960, alikua mtengeneza vitu vya watoto, na uso wake ulichukuliwa kwenye sanamu ya sura ya msichana asiyejulikana ambaye inasemekana alikutwa amekufa maji mto Seine pale Paris. Nikautazama ule uso tofauti baada ya hapo, kiukweli nikawa naushika kwa adabu.

Ubaya wake upo. Sehemu ya mtoto mchanga ilipitishwa haraka mno, mdoli mchanga mmoja kwa watu sita, nilipata zamu moja tu ya kubonyeza kwa vidole gumba viwili, na kina cha mtoto mchanga ni kama sentimita 4 ambacho bado sijiamini nacho. Na ni ghali kuliko ile ya onlaini, karibu mara tatu.

Ukiwapigia simu wenye kozi waulize mdoli mmoja mnatumia watu wangapi, na kama una taa au kitu cha kukuambia unakosea, ukiambiwa watu kumi kwa mdoli mmoja tafuta pengine maana siku nzima utakaa unaangalia migongo ya wenzio. Waulize pia ukifeli vitendo unarudia au unalipa upya. Na usichukue mapema sana, mikono inasahau ndani ya miezi michache tu, mimi nimeiweka miezi miwili kabla ya chuo na mkufunzi ameturuhusu kurudi siku akiwa na darasa lingine tukakaa nyuma tukafanya mazoezi. Nimeshamwambia narudi, nataka nikae na huo mdoli mchanga.

Ya onlaini naipa nyota mbili, kwa ajili ya video za kifafa na kuungua. Ya darasani nne.