TAHADHARI: "Seti kamili" ya baa ya uani, na mbao za dawa zisizo na dawa

Wakuu, kwa yeyote anayetaka kujijengea kibanda cha baa uani kwake: soma hapa kabla hujatuma hata shilingi ya "kushikia mzigo".

Tangazo la hiyo "seti kamili" liko hivi. Picha ya banda zuri la mbao, taa za manjano, kaunta, viti virefu (ukitazama nyuma ya banda utaona uzio na majani ya Uingereza, si ya Kimara). Chini yake bei ya seti kamili: mbao 35 za 2x4 za dawa (zilizotibiwa zisiliwe na mchwa), mabati 10 ya geji 28, kaunta ya mninga ya inchi 2, rola la waya na friji ya kioo. Fundi wako anakuja kuunganisha tu. Unalipa asilimia 70 mwanzo "ili mbao zipakiwe Mafinga", zinazobaki mzigo ukifika.

Na mzigo unafika kweli. Hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini, kwa sababu tumezoea tapeli wa kula hela na kuzima simu. Huyu anakuletea vitu vinavyofanana na ulivyoagiza. Gari linaingia saa moja jioni, mwanga umeshakata, dereva ana haraka ana mzigo mwingine Kibaha, na mbao za juu ya rundo ni safi kabisa. Ukikataa kushusha, dereva anakwambia yeye kakodiwa tu, muulize mwenye mzigo. Asilimia 70 yako iko kwa mwenye mzigo.

Tuanze na mbao, maana hapo ndipo hasara kubwa ilipo.

Hesabu yenyewe imekaa vibaya tangu kwenye tangazo. Banda la mita 3 kwa 4, ukuta wa mita 2.4, nguzo kila sentimita 60, linakula mbao za 2x4 za futi 12 zipatazo 50: nguzo 28 hivi ukijumlisha za kona na za mlango, 12 za kulaza chini na juu ya ukuta, na 9 au 10 za kenchi. Papi za 2x2 hazimo humo. Ukipewa 35, fundi ataachanisha nguzo mpaka sentimita 90 na ukuta utacheza kila mlango ukibamizwa.

Halafu chukua futi kamba. 2x4 kamili ni milimita 50 kwa 100. Ikipigwa randa inapungua kidogo, 45 kwa 95 haina ugomvi. Hizi za seti unakuta 40 kwa 85. Kwa macho hutaona tofauti, ila kenchi ya kipimo hicho imebaki na nusu tu ya ugumu wa ile kamili, kwa sababu kimo cha mbao kinaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha tatu: ukipunguza kidogo, paa linabonyea sana.

Sasa dawa. Mbao ya paini ya Sao Hill (shamba la miti la huko Mafinga) ikitibiwa inavyotakiwa huingizwa kwenye silinda kubwa la chuma, hewa inanyonywa kwanza, kisha mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki unasukumwa ndani kwa presha. Kromu ndiyo inayoifunga shaba na arseniki kwenye nyuzi za mbao zisioshwe na mvua. Tapeli hana silinda. Ana pipa, maji, na rangi ya kijani au mrututu. Anachovya, anaanika, anapakia. Mrututu ni shaba kweli, kwa hiyo akikwambia "ina dawa" hadanganyi moja kwa moja, lakini bila kromu hakuna kinachoishika. Masika moja tu na dawa imeshuka ardhini, mbao imebaki chakula cha mchwa. Inayoanza kuliwa ni ile iliyolala juu ya msingi, na huioni kwa sababu umeshaifunika na mbao za ukuta. Dalili ya kwanza utaiona mlangoni, mlango unaanza kukwaruza sakafu.

Kipimo chake ni msumeno. Usikubali kuonyeshwa ncha ya mbao, ncha hunywa rangi kama kitambaa hata ikichovywa dakika 5. Toa mbao moja katikati ya rundo, wewe mwenyewe uchague, ikate nusu mita kutoka nchani, tazama uso uliokatwa. Mbao iliyotibiwa ina kijani kilichoingia ndani kwenye sehemu yote ya nje ya gogo. Moyo wa mti unaweza kubaki mweupe au wa njano, hilo si kosa, moyo haunywi dawa. Iliyochovywa ina mstari wa kijani mwembamba kama ganda la embe, ndani yote nyeupe. Rangi ya nje nayo inasema kitu: ya kweli ikikauka ina kijani kilichofifia chenye ukijivu, isiyo sawasawa. Ukikuta rundo zima limekolea kijani kimoja kama mlango wa msikiti, shuku.

Muuzaji akigoma mbao isikatwe, mwambie utailipia hiyo moja. Mwenye mbao za kweli hana shida na hilo.

(Oili chafu ya gari ni habari nyingine. Inapakwa, inanuka, na inachafua nguo za wageni watakaoegemea ukuta. Kuilipia bei ya mbao ya dawa ni kupigwa.)

Mabati hayahitaji utaalamu, yanahitaji mizani. Kwa vipimo vya BWG (vipimo vya Kiingereza vya unene, namba ikipanda bati linakuwa jembamba) geji 28 ni milimita 0.356, geji 30 ni 0.305, geji 32 ni 0.229. Bati la mita 3 lililotoka kwenye koili ya upana wa milimita 914 linapaswa kuwa na kilo 7.6 hivi kama ni 28, kilo 6.6 kama ni 30, na kilo 4.9 tu kama ni 32. Mabati 10 kwa hiyo ni kilo 76 au kilo 49, na huo si mchezo wa kubahatisha. Azima mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama, pima moja moja. Maandishi ya "28" yaliyogongwa juu ya bati usiyape uzito, wino hauna geji. Geji 32 juu ya baa ina kero yake pia: mvua ikinyesha hamtasikilizana, na fundi akikanyaga nje ya papi linabonyea na tundu la msumari linatanuka. Miaka 2 mbele unaweka ndoo juu ya kaunta.

Kaunta ya mninga. Hapa uzito haukusaidii, kwa sababu MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) ni nzito kuliko mninga. Kaunta ya mita 2.4, upana nusu mita, inchi 2, ikiwa mninga mkavu inakaa kwenye kilo 35 hadi 40, na MDF inaweza kuzidi hapo. Igeuze. Upande wa chini, kwaruza kwa kisu au pitisha randa mara mbili: mninga una kahawia yenye michirizi inayoendelea hadi ndani, paini iliyopakwa rangi inatoa unyoya mweupe, MDF inatoa vumbi. Tazama pia ncha, ukiona mstari wa gundi katikati ujue ni mbao mbili za inchi moja, bei yake si hiyo. MDF ikimwagikiwa bia inavimba pembezoni na hairudi.

Kama ni mninga kweli, omba hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile madereva wanayoita TP, inayotolewa na TFS, wakala wa misitu wa serikali. Bila hati hiyo mzigo unaweza kukamatwa getini, na utakayekuwa umeshalipa ni wewe.

Waya: kwaruza shaba kwa wembe. Chini ikitoka fedha ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya zaidi, inapata joto, na banda lako ni la mbao. Soketi za friji ziwe na waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5. Friji iwashwe mbele yako, lakini kama imesafiri imelala, isimame wima saa kadhaa kwanza, oili irudi kwenye kompresa.

Malipo. Ukitaka kutuma, angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Tangazo linasema kampuni, jina linatokea la mtu binafsi: simama hapo. Risiti iwe ya EFD (mashine ya risiti ya TRA), na skani ule msimbo wa mraba (QR) uone jina na kiasi kama vinalingana. Proforma (ankara ya awali) yenye nembo nzuri si risiti. Pendekeza ulipe nauli tu mwanzo, vitu ulipie kimoja kimoja vikishapimwa kabla ya kushushwa, na gari lifike saa 4 asubuhi. Huyu wa seti kamili hakubali asubuhi. Siku zote gari "limekwama Chalinze".

Aliyekwisha kutuma: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, hela ikishatolewa kwa wakala ni kazi nyingine. Namba ya tapeli iripoti TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa 15040. Nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako) ukiwa na picha za tangazo, mazungumzo na muamala. Mzigo ulioshushwa usiutumie, na kile kipande ulichokata kihifadhi, kipigwe picha pembeni ya futi. Ukishapigilia msumari, atasema uliukubali.

Na ukibahatika kupata mbao za dawa za kweli, kila unapokata paka dawa ya brashi kwenye jeraha, maana umefungua njia ya mchwa. Vipande vinavyobaki vifukie au vitupe. Visiende jikoni wala kwenye jiko la nyama choma pembeni ya baa, hata kwa kuwashia mkaa tu, kwa sababu moshi wake na majivu yake vina arseniki. Mafundi wengi wanavikusanya kuni. Waambie kabla hawajaondoka navyo.