Wakala wa ajira za mafundi wa AC kwenda Oman: tathmini kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Wakala ninayemfanyia tathmini hii ana ofisi kuu Dar es Salaam na mwakilishi mmoja hapa Mtwara, maeneo ya Ligula, anayeandikisha mafundi wa AC wanaotaka kwenda kufanya kazi Oman. Nimepitia huduma yake tangu kujiandikisha hadi kumaliza mkataba wa miaka miwili mjini Muscat, na ninavyoona, safari ya fundi anaishughulikia vizuri sana, ila kazi inayomsubiri fundi huko mbele anaichukulia kijuujuu. Simtaji jina kwa sababu wenzangu waliopitia kwa mawakala wengine wamenieleza kasoro zilezile, na nisingependa msomaji adhani kwamba akimkwepa huyu mmoja atakuwa amesalimika.

Nianze na yaliyo mema, kwa kuwa ni ya haki yake. Leseni yake ya Kamishna wa Kazi ilikuwa imetundikwa ukutani, na mwakilishi alituruhusu kuisoma na kunakili namba yake. Hakudai fedha ya kushikiwa nafasi. Gharama zilizotuhusu alizitaja tangu siku ya kwanza: pasi ya kusafiria, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, upimaji wa afya, na nauli ya kwenda Dar es Salaam. Tena alipanga upimaji, majaribio ya ufundi na utiaji saini viangukie ndani ya safari moja. Mtu wa Dar anaweza kuliona hili kuwa jambo dogo, lakini kwa fundi anayetoka Newala au Nachingwea ni msaada mkubwa, kwani kutoka Mtwara mjini tu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na barabara yenyewe mvua ikizidi hukatika, kama ilivyotokea pale Somanga mwezi Mei 2024. Viza na tiketi vilikuja kwa wakati. Sehemu hiyo sina la kulalamikia.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwenye mkataba. Nakala ya Kiswahili tuliyosomewa Ligula ilisema "fundi wa viyoyozi". Nakala ya Kiarabu na Kiingereza iliyowekwa mezani Dar, ambayo ndiyo mwajiri anayoitambua, iliandika kazi hiyo kuwa ya msaidizi wa fundi. Msaidizi hubeba ngazi, hutoboa ukuta na kushika bomba wakati mwingine anafunga, na mshahara wake ni mdogo zaidi. Nilikataa kusaini mpaka nakala zote ziwe na neno moja. Zilirekebishwa, lakini hakuna aliyetueleza tofauti hiyo ilitoka wapi, na wawili kati ya niliokuwa nao walikwisha kusaini kabla ya marekebisho. Walifanya kazi kamili za fundi kwa malipo ya msaidizi muda wote wa mkataba wao. Jambo hili linaniuma hadi leo, maana walikuwa mafundi wazuri na wakala alikuwa na kila nafasi ya kuwatetea.

Tatizo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kwamba mwakilishi hakutuandaa hata kidogo kwa majaribio ya ufundi. Alituambia tulete vyeti na picha. Kumbe kwenye karakana ya majaribio cheti kilikaguliwa dakika chache tu, na muda wote uliobaki ulikuwa wa mikono. Kila mmoja alipewa bomba la shaba la robo inchi na la nusu inchi, kikata bomba, spana, geji (kipimo cha mgandamizo), mtungi wa naitrojeni, pampu ya kuvuta hewa na kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Msimamizi, Mwomani aliyezungumza Kiswahili cha Unguja, alisimama kimya akitazama. Alitazama kama fundi anakwangua kingo za bomba baada ya kulikata, akiwa ameliinamisha mdomo chini ili unga wa shaba usiingie ndani. Alitazama kama nati imetangulizwa kwenye bomba kabla ya mdomo kutanuliwa, na kama mdomo uliotanuliwa una ufa. Alitazama pima maji ilivyowekwa juu ya bati la kutundikia, kwa sababu kifaa cha ndani kikielemea upande usio na bomba la kutolea maji, maji yatamwagikia ukutani.

Walioshindwa wengi walishindwa hatua moja. Baada ya kukaza nati, walifungua kidogo vali ya mashine ya nje ili gesi isukume hewa itoke, kisha wakafunga na kuwasha. Hivyo ndivyo AC nyingi zinavyofungwa Mtwara, na mwenye nyumba hupata baridi siku hiyohiyo, akaridhika. Lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, na unyevu ukibaki ndani ya mfumo huchanganyika na oili ya kompresa na kuzaa asidi inayotafuna nyaya za mota. Utaratibu uliotakiwa ni kujaza naitrojeni kavu, kusubiri uone kama sindano ya geji inashuka, kuiachia, halafu kuvuta hewa kwa pampu mpaka ibaki maikroni (kipimo cha mgandamizo wa hewa iliyobaki) 500 au chini yake, ilhali hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari ni maikroni 760,000. Kuna aliyeulizia oksijeni kwa kuwa ndiyo aliyozoea kuitumia kupimia mivujo. Msimamizi alimtoa nje papo hapo, na alikuwa sahihi, kwa sababu oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na oili hulipuka na inaweza kuua.

Haya yote mwakilishi angeweza kutufundisha Ligula kwa siku chache, kwa pampu moja na mtungi mmoja. Mafundi wetu uwezo wanao. Wengi wamekulia kwenye mashine za gesi ya kupozea ya R-22, ambayo chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, inaondolewa sokoni, wakati mashine nyingi za leo hutumia R-410A au R-32. R-410A ina mgandamizo wa takriban mara 1.6 ya ule wa R-22, hivyo geji na mipira ya zamani haifai. Tena ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo hujazwa ikiwa kimiminika. R-32 nayo inaweza kushika moto. Fundi anayeambiwa mambo haya mapema hujifunza haraka, na asiyeambiwa hurudi nyumbani akiwa amepoteza nauli na kuvunjika moyo.

Kuhusu maisha ya kazi Muscat, maelezo ya wakala yalikuwa nusunusu. Hakutueleza kwamba mashine zinazofaa kule ni za kiwango cha T3, zinazopimwa kwenye joto la nje la nyuzi 46 badala ya 35 za T1, wala kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika juu ya paa. Hakutaja pia kwamba kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri. Mwajiri wangu aliiheshimu, lakini mfanyakazi asiyeijua sheria hiyo hana cha kudai kwa mwajiri asiyeiheshimu. Kibaya zaidi, mwakilishi bado anawaambia watu kwamba mkataba ukiisha na mwajiri asipotoa barua ya ridhaa ya kuhamia kwa mwajiri mwingine, ni lazima ukae nje ya Oman miaka miwili. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021, na kuendelea kulihubiri kunawafanya vijana wavumilie waajiri wabaya bila sababu.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Kwa fundi ambaye tayari anavuta hewa kwa pampu katika kila kazi yake na ana mtu wa kumsomea nakala ya Kiingereza, huduma hii inatosha. Kwa fundi mchanga ningeshauri atafute kwanza miezi michache chini ya fundi mwenye pampu na geji za R-410A, hata kwa malipo kidogo, ndipo ajiandikishe. Nimemwomba mwakilishi abandike ofisini nakala ya mkataba katika lugha zote tatu pamoja na orodha ya hatua za majaribio. Ameahidi kuifikisha hoja hiyo Dar, ila hadi ninapoandika, kilichobandikwa pale ni tangazo la mshahara peke yake.