Hiace ya petroli au ya dizeli? Chagua injini kabla ya rangi

Ukiiona Hiace kwenye yadi ya Dar es Salaam au kwenye picha za mnada wa Japani, soma kwanza herufi za mwanzo za namba ya chesisi. TRH ni petroli, KDH ni dizeli, GDH ni dizeli mpya. Halafu ndiyo uulize bei.

Kwa wanunuzi wengi naweka mbele TRH ya lita 2.0, yenye injini ya 1TR. Najua inadharauliwa. Toki yake, yaani nguvu ya kuvuta, ni Nm 182 tu, na ukiijaza abiria ukaipandisha mlima wa Kitonga, gia utazibadilisha mpaka mkono uchoke. Lakini kwa gari la kupeleka watoto shule, kwenda harusini na kubeba mzigo mwepesi, hii haina makuu: haina turbo, inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na koili ikifa fundi wa mtaani anaifunga nyingine siku hiyohiyo. Inakunywa zaidi, sibishi. Ila bei za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, zinazotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mara nyingi haziachanishi sana petroli na dizeli. Nafuu ya dizeli inatoka kwenye kilomita ndefu, na anayezunguka Mbagala na Kariakoo haioni.

Ya pili ni KDH ya lita 3.0, injini ya 1KD. Kama gari litafanya Dar–Mbeya kila wiki likiwa limejaa, ipandishe iwe ya kwanza: Nm 300 si mchezo, na mlima inaupanda bila kulia. Ugonjwa wake uko kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Ringi za shaba (washa) chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mlipuko unaingia kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili ikija kuwaka, mara nyingi injini imeshaumia. Kwa hiyo nenda asubuhi, gari likiwa la baridi. Ukikuta injini ina joto, jiulize nani aliiwasha na kwa nini. Inua kiti cha mbele, injini iko chini yake, iwashwe, ufungue kifuniko cha oili. Moshi ukipuliza kwa nguvu, aga vizuri uondoke. Ukiridhika, lipa fundi ashushe sampo aangalie chujio, na uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.

GDH ya lita 2.8, iliyoanza mwishoni mwa 2017, ni injini bora kuliko hizo mbili, na ina cheni. Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu chujio lake la masizi kwenye ekzosi linataka mwendo mrefu wa barabara kuu ili lijisafishe. Foleni za mjini zinaliziba. Mkenya anayeagiza kutoka Japani hana nafasi ya kubishana sana: sheria ya miaka 8 imeshaziacha KDH nje, anabaki na GDH au TRH.

TRH ya 2.7 ina nguvu nzuri, ila inunue kama mafuta analipa mwajiri.

KDH ya 2.5 ni za miaka ya mwanzo ya modeli hii na nyingi zimeshachoka. Ukiipata kwa bei ya kutupa, weka kando kabisa hela ya nozeli kabla hujakabidhi noti ya kwanza.