Live Transcribe kwenye dirisha la huduma: uzoefu wangu nikiwa kiziwi

Naitumia Live Transcribe karibu kila ninapohitaji huduma: benki, zahanati, ofisi ya kata, duka la dawa. Ni programu ya bure ya Google kwa simu za Android. Ilitoka mwaka 2019, na katika kuitengeneza Google ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Marekani, chuo cha viziwi. Mtu akiongea, maneno yake yanajiandika kwenye kioo palepale, na Kiswahili kimo.

Ukishaipakua, iwashe kwenye mipangilio ya ufikivu. Weka Kiswahili lugha ya kwanza na Kiingereza ya pili. Kuza herufi mpaka uweze kuzisoma simu ikiwa imelala juu ya kaunta. Washa pia kuhifadhi maandishi. Yanakaa siku 3 kisha yanafutika, kwa hiyo nakili maelezo ya dawa siku hiyohiyo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mahali simu ilipo. Wengi wetu tunaishika kifuani, upande wetu wa kioo cha dirisha, halafu tunailaumu programu. Sauti ya mhudumu inakufikia imeshapigwa na kioo, feni na watu wa foleni. Tazama maduara mawili yaliyo juu pembeni mwa skrini ya simu: la ndani linaonyesha kelele za mahali, la nje sauti ya anayeongea. Yakikaribia kulingana, usitegemee sentensi nzima.

Dawa yake niliyoiona ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, yenye waya. Mhudumu anabaki na maikrofoni, mimi nabaki na simu. Ila angalia plagi kabla ya kulipa. Ya simu ina mistari mitatu myeusi. Yenye miwili ni ya kamera, na simu nyingi haziitambui, zinaendelea kutumia maikrofoni zao zenyewe bila kukuambia. Ijaribu palepale dukani: kwaruza maikrofoni kwa kucha uone kama duara linapanuka. Simu isiyo na tundu la hedifoni itahitaji maikrofoni ya kuchomeka kwenye tundu la chaji.

Namba ndizo zinazonitia hofu. "Sita" na "sitini", "saba" na "sabini": mwisho wa neno ukimezwa, umepewa dozi nyingine au kiasi kingine cha pesa. Kila namba iandikwe kwa kalamu, hata kama kioo kimeionyesha vizuri. Majina ya watu na ya vijiji nayo hukosewa. Mhudumu akisema "ukishaprinti fomu uiskani", anachanganya lugha mbili, na programu inasikiliza moja kwa wakati. Mwombe achague moja.

Kwenye simu yangu Kiswahili kinahitaji data. Mtandao ukikatika ndani ya jengo lenye kuta nene, maandishi yanasimama na anayeongea hajui, anaendelea tu. Kubaliana naye mapema: nikiinua mkono, nyamaza kidogo.

Kwa mtu mmoja anayeongea taratibu naipa 4 kati ya 5. Mkutano wa kijiji naipa 1, maana maneno ya watu wote yanamiminika pamoja na hujui nani kasema nini. Tatizo la kuitwa kwenye foleni programu haijalitatua. Unaweza kuiwekea jina lako itetemeke likiitwa, lakini kwenye ukumbi wenye kelele simwachii simu kazi hiyo. Zahanati itoe namba za karatasi, na anayeita aoneshe namba kwa mkono.

Nasema hili kwa uchungu: programu hii haichukui nafasi ya mkalimani wa lugha ya alama. Viziwi wengi lugha yao ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili cha maandishi ni cha pili. Maandishi yanayokimbia yanawaacha nyuma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inaitaja lugha ya alama kuwa haki. Ridhaa ya upasuaji, maelezo ya polisi, kesi mahakamani: hapo aitwe mkalimani, na gharama isiangukie kwa kiziwi.

Ofisi inayotaka kuanza iweke tableti moja dirishani, maikrofoni ya kola, bando la mwezi, na karatasi yenye mchoro wa sikio lililokatwa mstari ili tujue pa kwenda. Na apangwe mtu kwa jina wa kuichaji kila jioni. Tableti isiyo na mwenyewe nimeikuta kabatini, imezima.