Mafla (kizuia kelele cha ekzosi) ya bomba nyoofu kwenye Mkonga, yaani Land Cruiser, wa injini 1HZ: nusu naisifu, nusu nataka kuitupa

Anayechomelea kikono cha ekzosi moja kwa moja kwenye chasisi ya Land Cruiser, bila mpira, asiitwe fundi. Ni muunga vyuma. Ndivyo walivyofanya duka lililoniuzia na kunifungia mafla hii. Naandika haya stadi (boliti isiyo na kichwa) moja ya manifodi, bomba linalokusanya moshi kwenye injini, ikiwa mfukoni, nyingine imekatikia humohumo ndani, na moshi unatoka chini ya boneti kama jiko la kuni mbichi.

Gari ni pikapu ya toleo la 79 (si mwaka), injini 1HZ ya dizeli isiyo na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Anayekuuzia mafla kwa kukuahidi nguvu kwenye injini hii anakuchezea akili. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba mguu hautaihisi. Bomba la inchi 2½ linatosha kabisa. Inchi 3 waachie wenye tabo, kwako litaleta kelele na kugusagusa kila kitu huko chini. Badilisha mafla kwa sababu ile ya kiwandani imeoza, au inaning'inia chini ya chasisi na kulamba mawe. Basi.

Mafla yenyewe, nisiwe mchoyo wa sifa, imetengenezwa vizuri. Ukichungulia upande huu unaona mwanga upande ule. Bomba la ndani lenye matundu lina upana uleule wa bomba linaloingia, na limeviringishiwa nyuzi za chuma cha pua kabla ya pamba ya kioo. Zile nyuzi usizidharau: mafla za bei chee hazina, pamba inapigwa na moto moja kwa moja, inakatikakatika na kutoka kwa nyuma, mwishowe unabaki na debe linalopiga kelele. Niliipitishia sumaku, kwa kuwa kaunta waliapa ni chuma cha pua cha 304, ambacho kwa kawaida hakishiki sumaku. Ikang'ang'ania kama kupe. Hiyo ni 409, chuma cha pua cha daraja la chini. Si feki, viwanda vingi vya magari vinaitumia, ila inashika kutu ya juu juu na bei yake si ya 304. Hapo nilinyamaza. Kosa langu.

Sasa kikono. Injini imekaa juu ya mipira; ukiwasha inajitikisa, ukizima inajitikisa zaidi, na ekzosi yote inayumba nayo. Juu ya hilo, chuma hurefuka kikipata moto: bomba la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 300 linaongezeka takriban sentimita 1. Ukilifunga kwenye chasisi kwa weldi, ile sentimita itakwenda wapi? Inasukuma mbele, kwenye flenji ya manifodi, yaani pale bomba linapofungwa kwa nati. Kila mtikisiko unaishia pale. Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, yenye mawimbi kama bati, ilimaliza kazi: gasketi ikapasuka, nati zikalegea, stadi zikakatika.

Niliporudi kaunta, kijana hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. "Mzee, ulitaka ngurumo, umepewa ngurumo. Barabara ndiyo imekukatia, si sisi." Nikamwambia twende chini ya gari nikuonyeshe. Akajibu nguo zake ni safi. Nguo zake!

Kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa ni hivi, na haizidi nusu siku. Kabla ya weldi yoyote unatoa waya wa hasi wa betri, na klempu ya athi ya mashine ya weldi unaibana karibu na unapochomelea, kwenye bomba lenyewe. Ukiiweka mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi. Ekzosi inaning'inizwa kwa mpira nyuma ya gia boksi, mbele na nyuma ya mafla, kisha kwenye mkia wa bomba. Vyuma vya kushikia mipira viwe nondo laini ya mviringo ya milimita 10 au 12, si bati bapa, maana bapa hupasuka kwenye kona. Unapiga pointi tu kwanza, yaani weldi ndogo za kushikiza. Halafu weka jeki chini ya chasisi uache ekseli ya nyuma ining'inie, uangalie kama propela shafti na difu zinagusa bomba. Kisha panda na tairi moja juu ya kifusi, springi ijikunje hadi kwenye mpira wa kikomo. Kati ya ekzosi na kitu kingine chochote zisibaki chini ya sentimita 3 popote, na zaidi kidogo pale kebo ya handibreki na mabomba ya breki yanapopita. Ndipo unamalizia weldi. Flenji zifungwe kuanzia mbele kwenda nyuma, manifodi iwe na gasketi mpya na nati za shaba, ambazo hazigandi kwa kutu. Wao walianza nyuma. Ndiyo maana bomba lilikuwa limejikaza tangu siku ya kwanza.

Nilikata kile kikono kwa grainda, nikafunga mipira, na ghafla kelele zote za kugongagonga zikaisha. Hapo nikaona nimeionea mafla bure, nikataka kuipa nyota nne. Kwenye mlima inatoa sauti nzito, tamu, isiyokera.

Kisha nikaingia lami. Injini ya silinda 6 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika inapiga mara 100 kwa sekunde, na hii mafla, kwa kuwa ndani yake hakuna vyumba vya kurudisha sauti, inauachia mdundo huo upite hadi kabini. Mvumo uleule, mwendo uleule wa safari, saa nzima, hadi meno yanawasha. Dawa ni kuongeza mafla ndogo ya pili karibu na mkia, au kuchagua ya vyumba tangu mwanzo. Mwenye kuendesha porini tu hatausikia. Mwenye kwenda mbali, asiguse.

Na haina tundu la kutolea maji! Safari fupi fupi, mvuke unapoa ndani, maji yanalala chini, inaozea hapo. Toboa mwenyewe milimita 3 sehemu ya chini kabisa. Mkia nao uutoe nje ya ukingo wa bodi. Walikata wa kwangu chini ya bodi ya nyuma na moshi ukawa unarudi ndani pamoja na vumbi.

Nyota tatu kwa mafla. Hapana, mbili. Ya tatu ningeitoa kama yule kijana angekubali kuchafua nguo.